Kufika Kunataka Nauli

Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2025 ilianza vibaya mtaani kwetu Arusha. Asubuhi iliingia habari kwamba Papa Fransisko amefariki, majirani wakazima spika zao, na pilau la kiporo likaliwa kwa sauti za chini. Ilipofika saa kumi na nusu jioni nikaketi kwenye kochi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, natafuta mbio za Boston. Nakiri sikuwa namtafuta Mmarekani yeyote. Nilikuwa namtafuta Mtanzania mwenzangu, Alphonce Simbu.

Simbu akaja wa pili. Saa 2:05:04, sekunde 19 nyuma ya John Korir wa Kenya. Kwa kelele nilizopiga, mwanangu alikuja mbio kutoka uani akidhani nyoka kaingia ndani.

Kilichoniketisha hapo kilikuwa kimekwisha, ila sikuzima simu. Siku hiyohiyo asubuhi, kabla ya mbio, Mmarekani Des Linden alikuwa ametangaza mtandaoni kwamba hii ndiyo marathoni yake ya mwisho kama mkimbiaji wa kulipwa. Alikuwa na miaka 41. Nilitaka kumwona akiingia, lakini mtandao ulikuwa unakatakata na nilichoambulia ni Sharon Lokedi akivunja rekodi ya njia ile kwa saa 2:17:22. Linden nikamkuta kwenye orodha ya matokeo: nafasi ya 17, saa 2:26:19.

Mwanangu yuko darasa la sita na ana homa ya hesabu. Nikamwambia huyu mama aliwahi kushinda mbio hizihizi mwaka 2018, kwa saa 2:39:54. Akatoa kwa vidole, akaniangalia.

"Mama, leo amekimbia haraka kuliko siku aliyoshinda. Kwa dakika 13 na sekunde 35."

"Ndiyo."

"Na amekuwa wa kumi na saba."

"Ndiyo."

"Sasa siku ile alishindaje?"

Nikamwambia: mvua. Hakuridhika, na ana haki, kwa sababu mvua ilinyesha juu ya kila mtu.

Ile siku naikumbuka vizuri kuliko siku zangu nyingi. Aprili 16, 2018, nilikuwa dukani. Nina duka la madaftari na fotokopi, na masika ya Arusha mnayajua: maji yalikuwa yanapita mlangoni kama mto, mteja hakuna. Nikafungua mbio. Boston kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kwetu. Baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, mvua ya kumwaga, na upepo unatoka baharini. Njia ile huanzia kijiji cha Hopkinton na kuelekea mashariki hadi katikati ya jiji, kwa hiyo kilomita zote 42 upepo uliwapiga usoni. Wanawake walikuwa wanakimbia na makoti ya mvua yamejaa hewa kama mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye uzio. Mtu anayekimbia marathoni kwa riziki yake huwa havai koti. Siku hiyo walivaa, wengine mpaka mwisho, na wengine wengi, mabingwa wakubwa, waliacha njiani wakitetemeka.

Aliyekuwa anasubiriwa na Boston nzima ni Shalane Flanagan, mtoto wa Marblehead, mwendo mfupi kutoka hapo. Miezi mitano nyuma alikuwa ameshinda New York, Mmarekani wa kwanza upande wa wanawake baada ya miaka 40. Linden alisimulia baadaye kwamba mapema tu, kilomita kama kumi hivi, alihisi mwili umegoma. Akamsogelea Flanagan akamwambia kwamba yeye huenda asifike mwisho, kwa hiyo akihitaji msaada wowote, hata wa kukingwa upepo, aseme.

Kisha likaja lile tukio ambalo bado nawasimulia watu. Karibu na nusu ya njia Flanagan anachepuka, anaingia kwenye choo cha plastiki kando ya barabara. Sekunde kumi na kitu, ametoka. Na Linden amepunguza mwendo, anageuka nyuma, anamsubiri. Katikati ya Boston! Flanagan alipomfikia, wakalifuata kundi pamoja, Linden mbele anakata upepo. Baadaye kidogo akafanya hivyohivyo kwa Mmarekani mwingine, Molly Huddle.

Mimi niliwahi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi na rafiki yangu mmoja tuliyefanya mazoezi pamoja miezi mitatu. Kwenye kile kilima cha kuelekea Mweka akainama kufunga kamba za raba. Nilimwacha. Nilijiambia atanikuta, nikakaza mwendo. Nilimtangulia kwa dakika moja isiyo na faida yoyote kwa mtu yeyote duniani, na mpaka leo tukikutana harusini huwa anainama kwanza kugusa kiatu ndipo anisalimie.

Turudi kwenye mvua. Mbele walikuwa Mamitu Daska wa Ethiopia, aliyekuwa amechomoka, na Gladys Chesir wa Kenya akimfukuzia. Linden, yule aliyekuwa anaaga, akajikuta anawakaribia bila kuongeza kitu. Wao ndio walikuwa wanapungua. Bando langu likaisha palepale kwenye vilima vya Newton. Nikavuka mtaro na maji hadi magotini, nikamwomba kijana wa duka la simu aniunganishe na mtandao wake, na picha iliporudi alikuwa peke yake mbele. Hapakuwa na mbio tena. Alikuwa anakimbia na upepo tu, dakika tatu na sekunde arobaini na kitu kwa kila kilomita, mpaka mtaa wa Boylston. Saa 2:39:54. Tangu mwaka 1978 hakuna mwanamke aliyeshinda Boston kwa muda mrefu kiasi hicho. Na tangu 1985 hakuna Mmarekani aliyekuwa amewashinda wanawake wote pale.

Wa pili alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kutoka Arizona, Sarah Sellers, ambaye karibu hakuna aliyemjua hadi siku hiyo. Upande wa wanaume, Geoffrey Kirui, bingwa wa dunia, alikuwa mbele kwa mbali, halafu akapitwa mwishoni na Yuki Kawauchi, Mjapani mwenye kazi ya ofisini serikalini. Ilikuwa siku ya watu waliozoea kuamka na kwenda kazini.

Wiki chache kabla ya hapo Linden alikuwa ameandika mtandaoni kwamba kuna siku miguu inakwenda yenyewe, na kuna siku ni jehanamu tupu, na ushauri wake ni mmoja: endelea kufika. Baada ya ushindi maneno hayo yakawa fulana na vikombe vya kahawa. Nami nilikuwa nayo ukutani dukani, nimeyachapa mwenyewe. Siku moja kijana mmoja anayekimbia, aliyekuja kutoa nakala ya pasipoti yake, akayasoma, akacheka. Akasema, "Dada, kufika kunataka nauli."

Nikayabandua? Hapana. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya safari ya huyu mama kwa jicho la nauli, na imekuwa hadithi nyingine kabisa.

Desiree Davila, ndivyo alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa mwaka 1983 Chula Vista, kusini kabisa mwa California, akasoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Chuoni alikuwa mzuri, si wa kutisha. Hakuna kampuni inayomgombania mtu wa namna hiyo. Kwa nchi nyingi hadithi ingeishia hapo: mtu anapata shahada, anatafuta kazi, jioni anakimbia kwa afya. Yeye akaenda Michigan, kwenye theluji, kwa ndugu wawili wenye maduka ya raba, Kevin na Keith Hanson. Hawa walikuwa wameanzisha kikundi mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbiaji wa aina yake hasa, waliomaliza chuo bila kuwa nyota. Wakawapa nyumba za kuishi pamoja, kocha, viatu, na wengine kazi ya saa chache dukani. Kampuni ya viatu ya Brooks ikatia fedha.

Mazoezi ya Hanson yanajulikana kwa jambo moja. Watu wa kawaida wanaofuata programu yao hawakimbii zaidi ya kilomita 26 kwa mkupuo. Badala yake wanakimbia karibu kila siku, ili ile siku ya kilomita 26 waianze na miguu iliyochoka tayari. Hujifunzi kuanza marathoni, unajifunza kuimaliza. Ukimtazama Linden akikimbia unaliona hilo: mwendo wake haupandi wala haushuki, kama cherehani.

Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Boston, 2007, nayo ilikuwa na mvua na upepo. Saa 2:44:56, nafasi ya 19. Hebu fikiria kijana wa Mbulu au wa Iten anakwenda Boston mara ya kwanza anakuwa wa 19. Nani atamlipia tiketi ya pili? Linden alirudi nyumbani, kwenye nyumba ileile na kocha yuleyule. Mwaka 2009 akawa wa 10 mashindano ya dunia Berlin. Mwaka 2010 wa nne Chicago. Kila mwaka anakata dakika chache, hana haraka.

Halafu ikaja Boston ya 2011. Upepo siku hiyo ulikuwa mgongoni, ndiyo siku Geoffrey Mutai alipokimbia 2:03:02. Linden na Caroline Kilel wa Kenya wakafika mtaa wa Boylston wako sambamba. Anatangulia mmoja, anarudishwa, anatangulia mwingine. Niliitazama baadaye mara nyingi, na kila mara najidanganya kwamba safari hii Linden atapata. Kilel 2:22:36, Linden 2:22:38. Kilel alianguka chini baada ya mstari.

Sekunde mbili. Kwetu nyumbani hesabu hiyo ina jina, inaitwa Ikangaa. Baba yangu alipokuwa kijana kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumziwa kwenye mbio ndefu, Juma Ikangaa, askari wa jeshi letu, JWTZ, mzaliwa wa Dodoma. Boston ya 1988 alipitwa mwishoni na Ibrahim Hussein wa Kenya: 2:08:43 kwa 2:08:44. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. Katikati hapo akaenda New York, Novemba 1989, akashinda kwa 2:08:01. Baba huisimulia ile sekunde moja kana kwamba aliidondosha yeye mwenyewe njiani, na huwa haongezi habari ya New York mpaka umwulize.

Lakini tazama neno lililopita hapo katikati: askari. Ikangaa aliweza kuwa wa pili Boston mara tatu na kuendelea kurudi kwa sababu mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara. Simbu naye ni askari wa JWTZ. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia London, kisha ikapita miaka ambayo wengi wetu, nami nikiwemo, tulimsahau. Septemba 2025 Tokyo akapata dhahabu ya dunia, ya kwanza katika historia ya Tanzania, kwa tofauti ya vipande vitatu vya mia vya sekunde. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane. Kwa Linden, kati ya mbio ya kwanza Boston na ushindi ni miaka 11. Nyumba ya Michigan na kambi ya jeshi zimefanya kazi ileile.

Wale vijana ninaowaona alfajiri barabara ya Ngaramtoni hawana nyumba wala kambi. Wanakimbia hadi saa mbili asubuhi, wanashuka kwenye kibanda cha chai, wanachangia chapati. Mmoja akipata mwaliko wa mbio za nje, zile mbio zinabeba kodi, ada ya mdogo wake, deni la viatu, na wakala naye achukue chake. Mtu wa namna hiyo hawezi kukimbia kwa cherehani. Lazima aende na kundi la mbele hata likienda kwa kasi ya kifo, kwa sababu nafasi ya nne haimlipi. Akivunjika, basi. Tunawaita hawana nidhamu. Mimi nimeacha kusema hivyo.

Linden naye alivunjika. Mwaka 2012 alifuzu Olimpiki, akaenda London akiwa na maumivu ya nyonga, akaanza, na baada ya kilomita chache tu akatoka barabarani. Ulikuwa ufa kwenye mfupa wa paja. Alikaa nje miezi mingi. Mkataba ukabaki, kikundi kikabaki. Akarudi, akawa wa saba Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2017 alikuwa wa nne Boston, kisha akachoka kabisa, akaacha mbio kwa muda na kwenda kuvua samaki kaskazini mwa Michigan. Alikuja kueleza miaka baadaye kwamba kipindi hicho alikuwa mgonjwa hasa, tezi ya shingoni ilikuwa imezorota vibaya. Kwa hiyo yule aliyesimama kwenye mvua ya Hopkinton Aprili 2018 alikuwa mtu ambaye miezi michache nyuma hakuwa na hakika kama anaipenda tena kazi yake.

Atlanta 2020 ndiyo mbio inayonichanganya hadi leo. Majaribio ya Marekani kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, wanakwenda watatu tu. Linden akawa wa nne, sekunde 11 nyuma ya nafasi. Aliyeichukua ni Sally Kipyego, mzaliwa wa Kenya, aliyewahi kuvaa jezi ya Kenya na kupata fedha ya mita 10,000 London 2012. Aliyeshinda, Aliphine Tuliamuk, naye ni mtoto wa Pokot Magharibi. Nilikuwa nimekaa nao wote watatu kwenye kioo kimoja sijui nimpigie nani makofi. Wawili hawa waliipata nauli ya kufika kupitia vyuo vya Marekani. Siwalaumu hata kidogo.

Bila Olimpiki, Aprili 2021 akaenda kando ya ziwa Dorena, Oregon, akakimbia kilomita 50 kwa saa 2:59:54, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa tatu. Kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde 36, mara hamsini. Watazamaji karibu hakuna. Nadhani hiyo ndiyo mbio iliyomfaa kuliko zote, na hakuna atakayemkumbuka kwayo.

Usiku ule wa Pasaka, kama saa mbili, simu ikaita. Baba, kutoka Singida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Simbu kapigwa sekunde ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Afadhali," akasema. Nilijua anafikiria ile moja. Akakohoa, akauliza hali ya mjukuu wake, akauliza kama tumesali kwa ajili ya Papa. Halafu: "Na yule dada wa mvua? Ulisema naye yumo."

"Alikuwemo baba. Wa kumi na saba. Leo ilikuwa mara yake ya mwisho."

"Huko kulinyesha?"

"Hapana. Kulikuwa na jua."

Akanyamaza kidogo. "Lakini amemaliza?"

"Amemaliza, baba."